Mtandao Mpya Mpe Jembe

Mhadhara kwa wakazi wa mtaa mmoja wa Lanet, Nakuru

Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaosubiri nafasi ya kutoroka, hamjambo. Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya teknolojia ya kisasa. Nikamwambia, mzee, watu wa huku hawasumbuliwi na teknolojia ya kisasa, wanasumbuliwa na wale vijana wa fulana wanaobisha milango kila Jumamosi wakiuza intaneti. Akacheka, akasema basi zungumza juu ya hao.

Mmeona wenyewe. Kwa wiki kadhaa sasa mafundi wanapanda nguzo za stima hapa barabarani na mizunguko ya waya mweusi begani. Kampuni mpya ya intaneti imefika. Kila nyumba imepata karatasi: kasi maradufu, bei nafuu, kufungiwa bure. Na kila ninayekutana naye dukani ananiuliza swali lile lile, fundi, tuhame au tukae?

Kazi ya kuvuta nyaya hizi nimeifanya miaka kumi na moja, kwa kampuni tofauti, mara nyingine kama kibarua wa siku. Sina kampuni ninayoiuzia leo.

Kwanza shikeni hiki kipande, mpitishiane, na tafadhali mtoto asikitie mdomoni. Ndani ya ganda hilo jeusi mna uzi wa kioo, ndiyo faiba yenyewe. Unene wake ni mikroni 125, zaidi kidogo ya unywele, na njia ambayo mwanga unapita katikati yake ni mikroni 9 hivi. Picha za harusi, mechi ya Jumamosi, masomo ya mtoto aliye chuo, vyote vinapita humo vikiwa mwanga unaowaka na kuzima. Ukiukunja kupita kiasi, mwanga unavuja. Ukikatika, kile kisanduku cha ukutani kinawasha taa nyekundu, na hapo hata uzime na kuwasha mara ishirini haitasaidia. Lazima fundi aje, avue ganda, asafishe uzi kwa spiriti, aukate wima kabisa, aulaze kwenye mashine ndogo uso kwa uso na mwenzake, halafu cheche ya umeme iviyeyushe vipande hivyo viwe kimoja. Kuunganisha kwenyewe ni dakika chache. Kumpata huyo fundi ndiyo habari nyingine.

Nasikia mzee anauliza unakatwa na nini. Huku kwetu, mzee, adui mkubwa ni lori la nyasi. Linapakia mpaka juu, linaingia mtaani ambako waya umelegea, linaondoka nao. Panya nao wamo. Na Kenya Power wakibadilisha nguzo iliyooza, nyaya za intaneti zilizoning'inia pale mara nyingi huachwa chini zikisubiri mwenyewe.

Sasa niseme jambo ambalo vijana wa fulana hawatawaambia. Mtandao mpya huwa mtamu kwa sababu bado hauna watu.

Uzi unaotoka kituo cha kampuni haufiki kwako peke yako. Katika mitambo iliyoenea zaidi, ile inayoitwa GPON, uzi mmoja unabeba gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde, yaani megabiti 2,500, kuja kwenu, kisha unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Mwezi wa kwanza mko nyumba nne tu, mnajinafasi. Zikifika 64, na zote zivute kwa nguvu kwa wakati mmoja, kila moja inabaki na megabiti 39 hivi. Hiyo si mbaya, na ni nadra wote wavute pamoja. Panapobana hasa ni mbele zaidi, ule mkondo ambao kampuni imeununua wa kutoka hapa kwenda Nairobi, na wa kutoka Mombasa kwenda ng'ambo. Mkondo huo ni gharama, na kampuni inayotaka wateja kwa haraka inaweza kuuza karatasi elfu kabla ya kuongeza mkondo. Wapangaji wa ploti hawahitaji kuelezwa zaidi: tangi ni lile lile, vyumba vimeongezwa, na maji ya saa kumi na mbili asubuhi mnayajua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la intaneti ni saa mbili hadi saa nne usiku, hasa Jumapili, watoto wote wamerudi, kila sebule ina televisheni inayovuta filamu. Pima hapo. Usipime saa nne asubuhi siku uliyofungiwa, fundi akiwa bado ameshika chai yako, kwa sababu saa hiyo hata mtandao mbovu unakimbia. Chukua daftari, andika kasi ya usiku kwa wiki tatu. Na kabla hata hujalipia, tafuta jirani aliyeunganishwa miezi mitatu iliyopita, mwulize ya usiku. Mtaa huu hauna jirani kama huyo bado, lakini kampuni ilianzia mtaa mwingine, na nina hakika mna shemeji huko.

Msidhani ni waya tu. Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023, watu walisema shida imekwisha, dishi linaongea na setilaiti zilizo kilomita 550 hivi juu, nani atakata? Ni kweli, na kwa shamba lililo mbali na nguzo sijui kitu kinachoishinda. Lakini Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Kumbe hata juu kuna foleni.

Mama wa leso ya kijani alinong'ona na mwenzake kuhusu kasi, ngoja nimjibu. Karatasi inasema Mbps 15. Hizo ni megabiti kwa sekunde, na biti nane ndizo baiti moja. Kwa hiyo faili la gigabaiti moja litachukua dakika tisa hivi. Filamu ya picha safi ya HD inakula kama Mbps 5. Nyumba ya watu wanne yenye televisheni moja na simu zao haihitaji Mbps 100, hata muuzaji akiapa.

Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mwaka jana niliitwa Kiamunyi kwa mama aliyekuwa amehama kampuni tatu. Tatu! Kila moja aliiita ya wezi. Nikaingia, nikamwuliza ruta, kile kisanduku cha waifai, iko wapi. Akanipeleka: iko kwenye kona ya sebule, nyuma ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Chumba anachofanyia kazi kiko upande wa pili, kuta mbili za mawe katikati. Nikachomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kasi yote ikaja kama alivyolipia. Nikaenda chumbani na simu, ikabaki robo. Tukaihamisha ruta hadi koridoni, juu ya mlango, bila kitambaa. Nilichana ukuta kidogo, nikapaka rangi, nikalipwa ya siku moja. Hajahama tena.

Kwa hiyo kabla ya kuilaumu kampuni, pima kwa waya. Kwa waya ikiwa nzuri na kwa waifai mbaya, ugonjwa ni wa nyumba yako na utahama nao. Kwa waya ikiwa mbaya kila usiku, hapo una kesi.

Na ukiwa na kesi, usihame kimyakimya. Wapigie wa zamani, waambie kampuni mpya imefika langoni na umeshika karatasi yao. Ushindani una faida hata kwa asiyehama. Septemba 2024 Safaricom ilipandisha kasi za vifurushi vyake vya nyumbani bila kugusa bei. Cha chini kikatoka Mbps 10 hadi 15 kwa shilingi 2,999 zile zile. Sikumbuki kuona hayo wakati kampuni ilikuwa peke yake mtaani. Tulioishi enzi za saiba, kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, tukilipa kwa dakika huku ukurasa ukifunguka mstari mmoja mmoja, tunajua kukaa bila jirani kulivyo ghali.

Kuhama kwenyewe, nisikilizeni kwa kosa langu. Mimi, fundi, nilisimamisha huduma ya zamani siku ya Ijumaa kwa sababu wapya waliniahidi Jumatatu. Sitataja kampuni. Jumatatu ikapita, wakasema kisanduku cha kwenye nguzo yangu kimejaa, wanasubiri kingine. Siku kumi na nane. Binti yangu alifanya kazi zake za chuo kwa bando za simu, na kila jioni alikuwa akinionyesha salio bila kusema neno. Lipia mwezi mmoja wa ziada, uwe na zote mbili. Hiyo pesa haijapotea.

Ukiwashiwa ruta mpya, ipe jina lile lile na neno la siri lile lile la ruta ya zamani, kisha uzime ya zamani. Simu, televisheni na kamera ya geti vyote vitaingia vyenyewe, hutazunguka nyumba nzima ukiandika neno la siri. Ruta ya zamani mara nyingi ni mali ya kampuni: soma mkataba, irudishe kama wanataka, na uchukue risiti. Malipo yapitie Paybill ya kampuni, wala usimtumie kijana wa fulana kwenye simu yake hata akiwa mpole namna gani.

Wapangaji mnaniangalia kwa huzuni, najua. Ploti nyingine mwenye nyumba ameshakubaliana na kampuni moja, na msimamizi anawafukuza mafundi wa nyingine getini. Nimefukuzwa mara nyingi, mara moja na mbwa. Mpangaji mmoja hasikilizwi. Andikeni barua mkiwa kumi na wawili, mseme mtalipia wenyewe na waya utapita kwenye bomba moja safi bila kutoboa ovyo. Wenye nyumba wengi wanaogopa ukuta wao kuliko wanavyoipenda ile kampuni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Swali la mwisho, kijana wa mlangoni: je, mtu akiweza, awe na kampuni mbili moja kwa moja, moja ya akiba? Anayefanya kazi nyumbani, ndiyo, lakini aulize zinapita wapi. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa kampuni nyingi pamoja. Na hata hapa mtaani, kampuni mbili zikiwa kwenye nguzo moja, lori la nyasi litazichukua zote mbili. Faiba na laini ya simu ni akiba bora kuliko faiba mbili. Ongeza betri ndogo ya ruta, maana stima ikipotea uzi wa kioo hauna habari, ni kile kisanduku chako kilichozima.

Naam? Kama mimi mwenyewe nimehama? Nilihama, na nashukuru, kasi ya usiku ni nzuri mpaka sasa. Lakini waya wa zamani sikuukata. Uko pale pale ukutani nyuma ya nyumba, nikitaka kurudi ni kupiga simu tu. Shida ni mke wangu, ameshaugeuza kamba ya kuanikia soksi. Nimemwomba angalau azikamue kwanza.