Walipoligeuza Jina la Ged

Asanteni kwa kunikaribisha. Naona wengine mmekuja na vitabu mkononi, tayari kunionyesha kurasa zilizoachwa. Vifunikeni kwanza. Riwaya ikiingia kwenye televisheni haina budi kupungua, na anayelilia kila ukurasa anataka kusomewa tu.

Mimi huuliza swali moja: dunia hii ya kubuni imesimama juu ya sharti gani, na je, kwenye skrini sharti hilo bado lina makali?

Tuchukue A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968. Humo uchawi ni elimu ya majina. Kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua ana nguvu juu yake. Ndiyo maana mtu huwa na jina la kuitiwa, na lile la kweli hulificha, hamwambii ila anayemwamini kwa roho yake. Hapa kwetu hilo halitaki maelezo mengi. Mpiga ramli huanza kwa kukuuliza nini? Jina lako na la mama yako. Mnacheka; basi mmeshaulizwa.

Kijana wetu huitwa Sparrowhawk, tuseme Kipanga, kwa kuwa ndege wawindaji humjia akiwaita. Jina lake la kweli, Ged, alipewa na mchawi Ogion akiwa na miaka 13. Baadaye, kwa kiburi chake, anafungulia kivuli kibaya, anaumia, na anajiona si kitu. Rafiki yake Vetch hamfariji kwa maneno mengi. Anamtajia jina la kweli la kwake yeye Vetch, basi. Nikifika hapo huwa naweka kitabu chini kidogo. Mwishoni Ged na kivuli wanakutana uso kwa uso, na kila mmoja anamwita mwenziwe: Ged.

Desemba 2004 kituo cha Sci Fi Channel cha Marekani kikarusha tamthilia ya sehemu mbili. Kubana riwaya mbili ndani yake, nawasamehe. Lakini majina waliyapindua: Ged likawa la kuitiwa na kila mpita njia, Sparrowhawk likawa la siri. Sasa ile siri aliyoishi akiilinda imekuwa ya kuitiwa sokoni!

Na rangi. Kitabuni Ged ana ngozi ya kahawia iliyoiva kwa wekundu, Vetch ni mweusi zaidi, na weupe ni Wakargi wanaokuja kuvamia. Kwenye skrini Ged ni Shawn Ashmore, mzungu. Danny Glover, aliyecheza Ogion, anaonekana kama mgeni katika visiwa vya Earthsea, kwao mwenyewe. Le Guin alilalamika hadharani mwezi huohuo. Mikono iliyokosea jina ndiyo iliyokosea ngozi: waliona vyote ni mapambo.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, sasa kifunue kitabu chako.