Kupima Misuli ya Mwanakondoo Aliye Hai kwa Altrasaundi

Ndugu wafugaji na wanafunzi wa sayansi ya mifugo, zamani aliyetaka kujua mwanakondoo amejaa nyama kiasi gani alikuwa na njia mbili tu: kumpapasa mgongoni au kumchinja, na dume akishachinjwa, hata akibainika kuwa bora kuliko wenzake, hawezi tena kuacha uzao. Altrasaundi inatuwezesha kumpima mnyama yuleyule tunayekusudia kumfanya mzazi.

Nchini Uingereza, wafugaji wa kondoo wa mbegu za Texel, Suffolk na Charollais huwapima wanakondoo wakiwa na umri wa takriban wiki 21. Mpimaji hupapasa mpaka aipate pingili ya tatu ya kiuno, hutenganisha sufu, hupaka mafuta ya kupikia ili hewa, ambayo huzuia mawimbi ya sauti ya altrasaundi, isibaki kati ya ngozi na kifaa, kisha hukiweka kifaa kikiukingama uti wa mgongo. Mwangwi unaorudi kutoka kwenye mipaka ya ngozi, mafuta na msuli huchora picha kwenye skrini, na hapo hupimwa, kwa milimita, kina cha msuli utoao sarara na unene wa mafuta yaliyoufunika.

Naomba tukae kidogo kwenye mkono wa mpimaji, kwa maana hapo ndipo vipimo vingi huharibika. Mafuta yanayoufunika msuli huwa ya milimita chache tu. Kwa hiyo akikandamiza kifaa huyabonyeza yakaonekana membamba kuliko yalivyo, na kosa la milimita moja, ambalo kwenye msuli ni dogo, kwenye mafuta hupotosha hukumu nzima. Mnyama naye asimame mgongo ukiwa umenyooka, kwani akijikunja msuli hubadilika umbo.

Hata kipimo kilicho sahihi hakitoshi peke yake. Mwanakondoo mzito huwa na msuli mnene kwa sababu tu ni mkubwa, na aliyezaliwa peke yake amenyonya kuliko pacha. Kwa hiyo tulinganishe waliolelewa pamoja, tukizingatia uzito na umri, ndipo tutambue tofauti inayoweza kurithiwa.

Kwa kondoo wekundu wa Kimaasai na kondoo wa Kiajemi wenye vichwa vyeusi, ambao huweka akiba ya mafuta mkiani na matakoni, mafuta ya mgongo hayawezi kuwakilisha mafuta ya mwili mzima. Kwao ningeanza na kina cha msuli pamoja na uzito, na mkia ningeupima kando.