Lisp ipi hiyo iliyo polepole?

Mabibi na mabwana, na hasa nyinyi vijana mliobanana kwenye matatu kutoka Maseno na Ahero mkaja Kisumu na jua hili, asanteni. Maiki ikikwama niambieni tu, nitapaza sauti. Nimefundisha kwenye madarasa ya mabati mvua ikinyesha.

Nilipotaja Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, pale mlangoni, mmoja wenu aliguna: “Si ni ile ya mabano mengi, inayotembea kama kobe?” Mabano sitayatetea. Hilo la kobe ndilo lililonileta.

Lisp ni bibi kizee. John McCarthy aliibuni akiwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958, na mwanzoni programu zake zilipitia kwa mkalimani, yaani programu inayotafsiri kila amri papo hapo inapotekelezwa. Mkalimani mnamjua: mkutano wa injili uwanjani, mhubiri anatoa sentensi kwa Kiingereza, kijana wa suti ya kuazima anaigeuza kwa Kidholuo. Mhubiri akiirudia sentensi ileile mara mia, kijana naye anaitafsiri mara mia. Kompaila ni yule aliyejifungia chumbani akatafsiri kitabu kizima, akakichapa, akaenda zake. Mwaka 1962 Tim Hart na Mike Levin, hukohuko MIT, waliandika kompaila ya Lisp kwa Lisp yenyewe, kisha wakaipitisha kwa mkalimani ijitafsiri iwe msimbo wa mashine, yaani amri ambazo prosesa, ubongo wa kompyuta, huzitekeleza moja kwa moja. Yaani yule wa chumbani, akisaidiwa na kijana wa suti, alijitafsiri mwenyewe mpaka akageuka kitabu! Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi na bado inanichekesha.

Sasa, programu za kuendesha Lisp ziko nyingi, kila moja na jina lake; mtu akikwambia Lisp ni nzito, muulize ni ipi. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kujumlisha vipimo vya mizani, safu ndefu za namba. Nikaichapa ndani ya CLISP, mojawapo ya hizo, nikaiwasha, nikateremka Dunga kula samaki. Niliporudi bado ilikuwa inahema. Nikailaani lugha. Kosa lilikuwa langu: CLISP ukiichapia fomula hivihivi inaiendesha kwa mkalimani, mpaka uiamuru ikompaili. Hata ukiiamuru, inatoa baitikodi, lugha ya katikati, si amri za prosesa yenyewe. Maandishi yaleyale, bila kubadilisha herufi, niliyahamishia SBCL, nyingine ya hizo, ambayo kwa kawaida hukompaili kila unachokichapa hadi msimbo wa mashine. Ilimaliza chai yangu ikiwa bado ya moto. ECL nayo ina njia yake, hupitia lugha nyingine iitwayo C. ABCL hukaa juu ya mashine ya Java. Zote huendesha lahaja ileile ya Lisp, Common Lisp.

Lakini hata SBCL haikufika mwisho wa mbio, na hapa ndipo penye uhondo. Kuna amri inayoitwa disassemble. Ukiipa fomula yako, inakumwagia kwenye skrini amri za prosesa, mstari kwa mstari. Niliitazama ile yangu. Kwa jumlisho moja tu la namba mbili, kulikuwa na msururu wa kazi: chungulia lebo ya namba ya kwanza, chungulia ya pili, je, ni namba ndogo au ni ile kubwa isiyoenea kwenye rejista, kijisanduku cha ndani ya prosesa, au ni ya desimali? Ni kama askari wa getini anayekagua kikapu cha mama yuleyule kila anapoingia na kutoka. Askari si mjinga. Hakuna aliyemwambia kikapuni mna nini.

Basi nikamwambia. Nilitangaza kwamba hizi ni namba za desimali za biti 64, na safu nzima ni ya aina hiyo. Nikatazama tena: ukaguzi ndani ya kitanzi, ile sehemu inayorudiwarudiwa, umeyeyuka, limebaki jumlisho lenyewe. Tena kitu kingine kiliondoka ambacho sikuwa nimekiona. Namba ya desimali isiyotangazwa, SBCL huifungia kifurushi chake kwenye kumbukumbu. Namba yenyewe ni baiti 8, kifurushi pamoja nayo baiti 16. Mnaouza omena Kibuye mnanielewa: mfuko haupaswi kuwa na uzito sawa na omena iliyomo. Kisha mifuko mitupu ikirundikana, lazima mzoa taka, ile sehemu ya Lisp inayosafisha kumbukumbu, apite, na akipita kazi inasimama.

SBCL ina tabia njema kwa hili. Ukiiambia unataka kasi ya juu, inakulalamikia: hapa nimeshindwa kurahisisha kwa sababu sina hakika na aina ya namba hii. Wengi huyazima malalamiko hayo. Msiyazime, ndiyo ramani. Ila kuna wanaoenda mbali zaidi wakashusha usalama hadi 0, yaani askari apelekwe nyumbani kabisa. Siku ukitangaza namba halafu likaingia neno, programu itaanguka vibaya, au itakupa jibu la uongo ikiwa imekaa kimya. Mimi huogopa la pili.

Na C? Clang na GCC, kompaila zake, ni mafundi hodari, sibishani. Lakini angalieni mitihani mnayowapa. Mwandikie Clang kitanzi kinachojumlisha 1 hadi n, umwombe arahisishe: atakifuta kitanzi chote aweke ile fomula ya shuleni, n mara jumla ya n na 1, gawa kwa 2. Halafu mtu anatangaza C imeishinda Lisp mara elfu. Imeishinda kwa kazi ipi, na hakuna kilichozunguka?

Kuna swali pale nyuma. Ndiyo, binti yangu... Anauliza kwa nini asiandike C tangu mwanzo, kuliko kuhangaika na matangazo.

Swali zuri. Chukua 20 faktoriali, yaani 1 mara 2 mara 3 hadi 20: 2432902008176640000. Inaenea kwenye biti 64, C na Lisp wanakubaliana. Nenda 21. Lisp inasema 51090942171709440000. C ya kawaida, kwenye kompyuta nyingi, itakwambia -4249290049419214848, na haitaona haya. Umezidisha namba chanya tupu ukapata hasi! Yule askari anayekuudhi getini ndiye aliyeona kikapu kimefurika akaleta gunia. Kwa hiyo mimi huandika kwanza bila kutangaza chochote, napima, na kitanzi kimoja au viwili vinavyokula muda ndivyo ninavyovitangazia aina.

Projekta imepata moto sasa. Njoo mbele, utuchapie 21 wewe mwenyewe, halafu jaribu 100.