Hodi Isiyoitikiwa

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili, umeandikwa kama ulivyozungumzwa

Assalaam alaykum. Habari za asubuhi. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Ahsanteni. Nimesikia marahaba tatu au nne, zinatosha, naweza kuendelea. Msingeitikia ningebaki nimesimama hapa kama mlingoti wa jahazi lisilo na tanga.

Mmeona kilichotokea sasa hivi. Mwenyekiti amesimama, akasema "natangaza kikao kimefunguliwa," na kipaza sauti kilikuwa hakijawashwa. Mzee mmoja kule nyuma akapiga kelele: "Hatujasikia!" Kikawashwa, mwenyekiti akarudia maneno yale yale. Sasa nawauliza: kikao hiki kilifunguliwa mara ya kwanza au mara ya pili? Msijibu haraka. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua ninakoelekea. Ndiyo, ni jambo lile lile. Nitalisema mpaka tubadilishe tunavyofundisha.

Sikuja kuwafundisha tendo uneni ni nini, yaani kufanya jambo kwa kulisema, kama kuahidi au kufungua kikao. Mmelisoma. Austin, mwanafalsafa wa Oxford aliyeianzisha nadharia hii, alitoa mihadhara yake 12 pale Harvard mwaka 1955, akafariki 1960, na kitabu kikatoka 1962, mwaka ule ule aliofariki Shaaban Robert, mtoto wa hapa hapa Tanga. Akaja mwanafalsafa Searle mwaka 1969, kisha akatupa vikapu vyake vitano vya matendo uneni: kuarifu, kuagiza, kuahidi, kuonyesha hisia, kutangaza. Mtihani unauliza vikapu vitano, mwanafunzi anavitaja vyote vitano, anapata alama zote. Ukimwuliza mama yake akisema "jua kali leo" anataka nini, anakujibu kuwa mama anaarifu hali ya hewa. Mama anataka maji, mwanangu! Nenda kwenye mtungi!

Ugomvi wangu ni huu. Tunavyofundisha, tendo lote tumeliweka mdomoni mwa msemaji. Msemaji kasema, kwa nia safi, mahali panapofaa, basi, tendo limefanyika. Msikilizaji yuko pembeni kama gunia la makopa. Mimi nasema hapa pwani msemaji ana nusu ya tendo tu. Nusu ya pili iko kwa anayeitikia, naye akinyamaza, ile nusu ya kwanza haikutimiza kitu.

Nani alinifundisha? Bibi yangu, wa mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, naye hakuwahi kumsikia Austin.

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Bibi kanituma kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikaazime mbuzi ya nazi, yetu imevunjika mguu. Nikaenda. Mlango wazi, kama milango yote ya mtaa ule wakati wa mchana. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikapiga ya tatu kwa sauti ya kuamsha maiti. Kimya. Na mbuzi naiona kwa macho yangu, iko uani, imeegemea ukuta, kama inaniita. Nikaingia, nikaichukua, nikarudi mbio nikijiona mtu wa maana.

Bibi akaiangalia ile mbuzi, hakuishika.

"Kakupa nani?"

"Hawapo, bibi. Nimeichukua uani."

"Nani kakukaribisha?"

"Nilipiga hodi. Mara tatu!"

"Sikukuuliza kama umepiga. Nimekuuliza nani kaitikia."

Sikuwa na jibu. Akanirudisha. Nikaiegemeza mbuzi pale pale ukutani, nikatoka, nikakaa barazani kwa watu kama mdai. Mwenye nyumba alikuwa msibani. Alirudi baada ya alasiri, akanikuta nimesinzia. Nikasimama, nikapiga hodi mbele yake, naye mguu mmoja uko ndani. Akacheka, akasema "karibu." Nikaomba mbuzi. Akasema, "Wallahi, si ungechukua tu!" Nilitamani kulia. Siku ile tulikula wali mkavu kwa samaki wa kukaanga, na bibi alikula bila hata kulalamika, kana kwamba ndivyo alivyopanga.

Sasa kiangalieni kisa hiki kwa macho ya isimu. Maneno niliyasema, na kwa usahihi. Nia ilikuwa safi. Mahali ndipo penyewe, mlangoni. Mtu anaruhusiwa kupiga hodi, hata mtoto. Masharti yote ya kitabuni yametimia, na bado sikuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti. Kilichokosekana ni "karibu" tu. Tena mnajua adabu ya dini yetu: hodi tatu, usipoitikiwa, rudi. Kwa hiyo kimya nacho kilikuwa jibu, kilisema "rudi," na mimi nikajifanya sikukisikia. Hodi si kengele ya kuwatahadharisha watu kwamba unaingia. Wanaoisema huku mguu umeshafika sebuleni, nao tunawajua, hao wanapiga kelele tu.

Najua kuna mtu ameshakunja uso. "Mwalimu, Austin mwenyewe aliliona hilo." Aliliona, ndiyo! Alipotoa mfano wa kuwekeana dau kwamba kesho mvua itanyesha, alisema wazi kuwa dau halijawa dau mpaka mwingine akubali. Na mbele zaidi akasema lazima msikilizaji aelewe kinachofanywa. Lakini kuelewa si kuitikia, jamani. Jirani yangu angekuwepo chumbani akaielewa hodi yangu vizuri kabisa akanyamaza, ningekuwa nimeeleweka, na bado niko nje. Austin aliugusa mlango huu, akapita. Akaenda kwenye mfano wake wa meli inayozinduliwa. Ile ya kuvunjiwa chupa na kupewa jina la malkia, na yule mtu anayejipitisha bila kutumwa na mtu, anavunja chupa, anaiita meli "Mr. Stalin". Mfano mtamu, naupenda. Lakini meli haiitikii! Ukichagua mfano wa meli, utaona tendo la mtu mmoja na chupa yake. Ukichagua mlango wa Ngamiani utaona watu wawili.

Mwingine atasema: "Na hakimu? Akitamka miaka mitatu jela, mfungwa aitikie marahaba?" Haitikii mfungwa. Anaitikia karani anayeandika. Anaitikia askari anayemshika mkono na kumpeleka. Waondoe hao wote, mwache hakimu na mfungwa wake chini ya mwembe, uone kama ile miaka mitatu ina uzito kuliko namba yoyote mtu anayoweza kuitaja. Kuitikia si lazima kuwe kwa mdomo.

Twende kwenye ndoa, maana hapo ndipo wanafunzi wangu hudhani wameninasa. Wanasema ndoa ndiyo mfano wa Austin kabisa. Sawa. Lakini mmeshakaa kwenye ndoa zetu? Mkono kwa mkono: "Nimekuoza fulani binti fulani kwa mahari mliyokubaliana." Halafu msikiti mzima unanyamaza, unamsikiliza bwana harusi. Mashahidi wanainua shingo. Akisema "nimekubali" kwa sauti ya mbu, sheikh anamwambia rudia, mashahidi hawajasikia. Ndicho alichofanya yule mzee wetu wa nyuma leo. Yule ni shahidi, si mkorofi. Hakuna anayedhani ndoa imefungwa pale walii alipomaliza kusema. Imefungwa kwenye lile jibu lililotoka kwa kijana anayetetemeka.

Na hapo hapo kuna jambo ambalo ningependa Austin angelijua. Alisema kauli tendaji, ile inayotenda jambo kwa kusemwa tu, lazima isemwe kwa dhati, ikisemwa na mwigizaji jukwaani ni tupu. Sisi tuna hadithi ya Mtume, mnaijua: mambo matatu, dhati yake ni dhati na mzaha wake ni dhati, ndoa, talaka, na kumrejea mke. Wanazuoni wengi wameshika hivyo. Yaani ukitania kwa "nimekuacha," umeacha. Kwa nini? Kwa sababu neno likishafika kwa mwenzako si lako peke yako tena. Huwezi kurudi ukasema "nilikuwa natania," kana kwamba nia yako iliyojificha kifuani ndiyo iliyotamka. Wanaosema nia ndiyo kila kitu wanisamehe.

Naam, talaka yenyewe inanipinga, nakubali kabla hamjanyanyua mikono. Mume hutamka, mke hatakiwi kukubali. Tendo la mdomo mmoja, la wazi kabisa. Basi angalieni nchi ilifanya nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikasema hilo neno halitoshi: kwa kawaida shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, baraza likishindwa kupatanisha litoe cheti, ndipo mahakama itoe talaka. Mume anaweza kutamka anavyotaka, lakini mbele ya serikali bado ana mke mpaka wengine waitikie. Mnisome vizuri, sisemi nani yuko sahihi kati ya sheikh na hakimu, mimi ni mtu wa isimu na nina familia. Nasema tendo moja lina wenyeji wawili, na kila mwenyeji anadai jibu lake.

Shikamoo. Fupi tu. Kuna mama mmoja kazini kwetu, vijana wakimwamkia anasema: "Shikamoo ya nini? Mimi mzee?" Haitikii marahaba ng'o. Kijana katoa heshima, heshima imerudishwa mlangoni kama barua yenye anwani ya mtu mwingine. Je, amemwamkia au hajamwamkia? Waliosoma vikapu vitano wanijibu.

Na fundi cherehani! Hapa sitachukua muda. Fundi amekuambia "kesho, inshallah." Vitabu vinasema hiyo ni ahadi, inamfunga msemaji. Inamfunga nani? Kwa fundi wangu, "kesho" ni njia ya adabu ya kukwambia uondoke kibandani. Mimi namjibu "haya," naye anajua kwamba najua. Lile "haya" langu ndilo limeamua tumefanya nini pale. Ningemjibu "kesho saa ngapi? Nakuja na shahidi," tungekuwa tumefanya tendo jingine kabisa, na pengine shati ningelipata kabla ya Idi. "Haya" linastahili tasnifu nzima: linakubali, linafukuza, linaamuru, linamaliza ugomvi, linauanzisha. Yupo mwanafunzi hapa anatafuta mada? Chukua. Bure.

Mialiko. Zamani harusi ilikuwa na watu wa kualika, wanapita nyumba kwa nyumba, wanapiga hodi, wanakaa, wanasema, wanaambiwa "tumepokea, inshallah tutakuja." Leo kadi inatupwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Kisha shangazi haonekani harusini, wanauliza, anasema "sikualikwa." Wanamwonyesha alama mbili za buluu: "Shangazi, mbona umeiona?" Kuona! Shangazi hajakataa kwamba ameiona. Anasema hakualikwa, na mimi niko upande wake asilimia mia moja, na nimeshagombana na watoto wangu kwa hilo. Hakuna aliyemwambia neno akasubiri aitikie.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nilikuwa na sehemu nzima juu ya "pole", kwamba si kuomba radhi, na kwamba mgeni akijikwaa ukamwambia pole, anakujibu "si kosa lako," kana kwamba ulikiri wewe ndiye uliyeweka lile jiwe. Nilikuwa na kanga, na mafumbo, ambapo anayeitikia ndiye aliyejivika kofia mwenyewe. Na Grice, mwanafalsafa wa maana zinazodokezwa bila kusemwa, niliahidi kumzungumzia kwenye tangazo la mhadhara. Grice hatakuja leo. Ahadi yangu ilikuwa ya fundi cherehani, nisameheni.

Tusi pia naliacha, lina mhadhara wake na halifai mbele ya wazee.

Maswali nitayapokea, lakini naomba mwuliza swali asimame, aseme, anyamaze, asubiri. Wewe kijana wa shati la kijani, umenyanyua mkono tangu kwenye meli ya Stalin. Karibu.