Picha Inakaa Wapi? Mhadhara kuhusu Saa na Vifaa vya Gemu vya Kuvaa

Habari za jioni, ndugu zangu, na karibuni. Naona wengi mmekuja na mali zenu mkononi, na hilo ni jema, maana leo bei hatutaigusa sana. Swali langu ni moja. Ile picha ya mhusika wa gemu iliyokufanya utoe hela, iwe ya Mario, ya Ryu au ya Pikachu, imewekwa kwenye sehemu gani ya kifaa? Ukilijibu hilo utajua kifaa kitadumu kiasi gani, nani anaweza kukitengeneza, na kitu gani kitaharibika kwanza.

Tuanze na aina mbili za saa zilizotoka karibu wakati mmoja. Mwaka 2020 Seiko walitoa saa sita za Seiko 5 Sports zenye wapiganaji wa gemu ya Street Fighter V: Ryu, Ken, Chun-Li, Guile, Zangief na Blanka, kila moja nakala 9,999. Mwaka uliofuata Casio wakaja na G-Shock DW-5600 nyekundu ya Super Mario, picha zimejaa kuanzia ganda hadi mkanda. Kabatini dukani zote mbili zinapendeza. Zipe miaka 15 uone.

Ganda na mkanda wa G-Shock za aina hii ni plastiki ya poliyuretheni. Ni laini na inameza mshtuko vizuri. Bila ganda la namna hiyo Kikuo Ibe, mhandisi wa Casio, na wenzake wasingeweza, mwaka 1983, kutoa saa inayostahimili kuanguka. Adui yake ni unyevu. Simaanishi kuogelea nayo, kwa sababu maji ya bwawani hukauka. Namaanisha unyevu wa hewani, unaojipenyeza miaka nenda rudi na kukata minyororo ya molekuli kidogo kidogo. Mwanzoni plastiki hunata ukiigusa, halafu hukakamaa, mwisho hukatika kama biskuti, hasa pembezoni mwa tundu la skrubu na pale mkanda unapopinda. Joto huongeza kasi. Kwa hiyo mkazi wa Tanga, Mombasa, Unguja au Muscat asishangae saa yake ikichoka mapema kuliko ya mwenzake anayeishi kwenye baridi kavu.

Kuna wanaodhani wataiokoa kwa kuifungia ndani ya boksi bila kuivaa. Haisaidii. Unyevu umo humo humo, na mkanda uliofungiwa mfukoni na jasho lake unaoza haraka zaidi. Cha kufanya ni kuiosha mara kwa mara: matone mawili ya sabuni ya vyombo kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mswaki laini, suuza, futa, anika kivulini. Spiriti isiguse picha, itang'oa wino. Na mkijipaka dawa ya mbu yenye DEET, vueni saa kwanza, kwani DEET hulainisha plastiki nyingi; nyie wa pwani mnanielewa.

G-Shock ya kawaida ganda lake likikatika unanunua lingine, kazi imekwisha. Ya toleo maalumu, ganda lenye picha likishaisha kwenye maghala hulipati tena. Unabaki na mashine nzima, na betri yake ya CR2016, ndani ya ganda jeusi la kawaida. Saa inakwenda, Mario kaondoka.

Kwa Street Fighter mambo ni tofauti, kwa sababu rangi na alama kuu za mhusika ziko usoni, chini ya kioo, mahali ambapo jasho halifiki. Mkanda ukichakaa unatia mwingine. Mashine yake ni 4R36: inajijaza yenyewe mkono ukitikisika, vito 24, mitetemo 21,600 kwa saa, na ikivuliwa inaendelea kwa takriban saa 41. Ikichoka, fundi saa mzuri anaweza kuweka NH36, ambayo ni mashine ileile Seiko wanayowauzia watengenezaji wengine. Hapa kuna mtego. Kitasa cha saa hizi, kile cha kurekebishia majira, kimekaa karibu na alama ya nne, hakiko kwenye tatu. NH36 zinauzwa zikiwa na visahani vya siku na tarehe vya aina mbili, na fundi akifunga vilivyochapwa kwa ajili ya kitasa cha saa tatu, maandishi yatakaa yamelala upande dirishani. Mwambie ahamishe visahani vya zamani kwenye mashine mpya. Pia uso usiguswe kwa kidole hata kidogo. Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira. Kwa mdomo hapana, maana mate hayakosekani.

Sasa tuje kwenye vifaa ambavyo picha yake iko ndani ya kioo chenyewe cha LCD, kile cha kioevu kinachoonyesha maumbo kwa umeme. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndivyo vinavyoletwa zaidi kwa mafundi, na ndivyo vinavyouawa zaidi na mafundi.

Gunpei Yokoi wa Nintendo alitoa Game & Watch ya kwanza, iliyoitwa Ball, mwaka 1980. Ilikuwa ya mfukoni, lakini ukoo wake ni wa saa na kikokotoo. Ndani kuna kristali ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Gawa kwa mbili mara 15 unapata sekunde moja kamili. Kristali hiyo inayoendesha saa ndiyo inayoendesha gemu. Na picha hazijachorwa na programu: kila mkao wa mkono na kila mpira angani ni umbo lililokwisha kuchongwa kwenye kioo kiwandani, likisubiri kuwashwa au kuzimwa. Ndiyo sababu mpira unaruka kwa vituo bila kuteleza. Na ndiyo sababu kioo cha gemu moja hakifai kwenye gemu nyingine, hata kama boksi linalingana.

Umbo moja likikosekana, au mstari mzima, usikimbilie kusema kioo kimekufa. Kati ya kioo na bodi kuna kipande cha mpira chenye mistari myembamba, mmoja unapitisha umeme na mwingine haupitishi, mafundi hukiita zebra. Uchafu ukiingia pale, umeme haufiki. Fungua, futa kingo za kioo na vituo vya bodi kwa kijiti cha pamba chenye isopropili, yaani spiriti ya kusafishia, ya asilimia 90 au zaidi, futa mpira wenyewe bila kuuvuta, rudisha ukiwa umelala sawasawa, kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, pembe kwa pembe. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, mpira utahama au kioo kitapasuka. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 itafanya kazi, ila ina maji mengi. Subiri kikauke kabisa kabla ya kuweka betri.

Kioo kikiwa na doa jeusi linalotanuka, kimepasuka na maji yake yanavuja. Hilo halina dawa. Lakini kikiwa kimefifia, kimekuwa cha manjano, au picha haionekani kabisa ingawa milio inasikika, angalia karatasi ya polaraiza, ile inayochuja mwanga, iliyobandikwa juu yake. Jua huiunguza. Inabanduliwa kwa wembe uliolazwa, kuanzia pembeni, halafu gundi iliyobaki inalainishwa kwa isopropili na kufutwa. Kabla ya kukata karatasi mpya, iweke juu ya kioo gemu ikiwa imewashwa, uizungushe. Kuna pembe ambayo picha zinatoka nyeusi kwenye mwanga. Ukiipita kwa nyuzi 90 utapata kinyume, mandhari nyeusi na picha nyeupe. Weka alama kwenye pembe sahihi ndipo ukate. Wanaokata kwanza hurudi dukani kununua nyingine.

Betri. Game & Watch za mwanzo zinatumia LR43 mbili, na Tamagotchi ya kwanza ya Bandai, kile kifaa cha kulea kiumbe wa kielektroniki, ya Novemba 1996, LR44 mbili. Zote zina upana wa milimita 11.6, unene ni 4.2 kwa 43 na 5.4 kwa 44. Herufi LR ni alkali, na alkali ikisahaulika ndani huvuja na kula vibati. Ukiona unga mweupe au ukungu wa kijani, weka tone la siki kwa kijiti cha pamba, acha litoe povu, futa kwa maji kidogo, kisha isopropili. Kibati kilichofifia kisugue kwa ufutio wa penseli. Halafu weka SR43 au SR44 za fedha: zina volti 1.55, nguvu yake haishuki taratibu, na hazivuji kirahisi. Bei iko juu, lakini ukilinganisha na bei ya kifaa si kitu.

Kosa lingine naomba mlisikie vizuri. CR2032 ina unene wa milimita 3.2, na CR2016 ina 1.6. Mtu akikosa 2032, anabebanisha 2016 mbili, zinaingia sawasawa. Zinaingia, ndiyo, lakini sasa umepeleka volti 6 mahali pa 3, na bodi inaungua. Na betri hizi zikimezwa na mtoto zinaweza kuchoma koo ndani ya saa mbili tu. Kifuniko kisiachwe bila skrubu. Mtoto akimeza, ni hospitali mara moja.

Tamagotchi yenyewe ina nukta 32 kwa 16 na alama nane, basi. Toleo la kwanza linatunza kila kitu kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme. Ukitoa betri, kiumbe kimekwenda.

Kutoka hapo tunaingia kwenye vifaa vinavyohesabu hatua. Wajapani walikuwa na kipima hatua cha Yamasa tangu 1965, chenye lengo la hatua 10,000 katika jina lake, kwa hiyo Nintendo walipotoa kipima hatua chenye Pikachu, cha kuvaa mkandani, mwaka 1998 hawakuanzia sifuri. Ndani yake kuna kijiuzito chenye springi kinachogonga swichi kila nyonga ikipanda na kushuka, na hatua 20 zinakupa wati moja, yaani pointi ya gemu. Hatua 10,000 ni wati 500. Kijiuzito kinataka kifaa kisimame wima kwenye mkanda. Kikilala mfukoni kinakosa hatua nyingi, na mwenyewe anadhani kimeharibika.

Pokéwalker ya 2009, kipima hatua kilichokuja na HeartGold na SoulSilver, gemu za Pokémon za mashine ya Nintendo DS, iliacha kijiuzito na kutumia aksilerometa, kihisi cha mwendo, ya pande tatu, kwa hiyo hata mfukoni inahesabu. Betri ni CR2032, na ukiibadilisha kiumbe wako hapotei, kwa sababu anatunzwa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme. Inazungumza na gemu kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na taa hiyo ya infraredi haimo ndani ya DS, imo ndani ya kadi ya gemu. Hapa ndipo feki hujulikana. Kadi orijino ni nyeusi inayopitisha mwanga: ishike mbele ya tochi kali utaona wekundu mzito. Kadi ya kijivu isiyopitisha chochote ni feki, na Pokéwalker yako haitaunganishwa nayo hata ukiomba dua.

Zimebaki zile ambazo picha iko kwenye programu. Julai 2021 TAG Heuer walitoa saa janja ya Super Mario, nakala 2,000, dola 2,150 za Marekani, na Mario anachangamka usoni kadiri unavyotembea. Kazi nzuri. Ila betri ni ya kuchaji, imefungiwa ndani, na uhai wa saa umeshikana na simu na programu zake. Kampuni ya saa janja ya Pebble imetuonyesha inavyokuwa: kampuni ya Fitbit ilinunua mali zake mwaka 2016, na tarehe 30 Juni 2018 seva zikazimwa. Saa ziliendelea kuonyesha majira, ila duka la programu na nyuso mpya vikakatika, mpaka wapenzi waliojiita Rebble walipoweka seva zao wenyewe.

Kwa hiyo ukienda kununua saa janja ya toleo maalumu, zima Bluetuthi ya simu mbele ya muuzaji, iwashe saa upya, uone mhusika bado yupo usoni au kabaki mshale na namba. Sasa nipokee maswali. Mwenye Pokéwalker isiyowaka aje mbele, betri aitoe kwanza.