Slaisi Inaanzia Mikononi

Bwana mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Dada na kaka zangu, habari za jioni. Na nyinyi makedi, wabeba fimbo zetu, mliosimama pale mlangoni kana kwamba hamkualikwa, ingieni, viti vipo. Wengine humu ndani wangefaidika zaidi kuwasikiliza nyinyi kuliko mimi. Kedi huiona slaisi ya bosi wake fimbo ikiwa bado juu, ila adabu inamzuia kusema.

Nimeombwa nizungumzie slaisi ya gofu, na nitabaki hapo hapo. Ni ule mpira unaoondoka vizuri, unapaa, wenzako wameshaanza kusema "safi sana", halafu unakata kulia na kuzama vichakani. Nitasema kwa mchezaji wa mkono wa kulia. Ndugu zangu wa shoto, kila nitakachosema kigeuzeni.

Ninalo jambo moja tu, na ninalitoa mapema ili anayewahi foleni ya barabarani aondoke nalo. Slaisi inaanzia mikononi, kwa maana ya namna ulivyoishika fimbo na uso wa fimbo unakotazama. Mabega, kiuno, miguu, yote mnayolaumiwa nayo kule renji, kwenye uwanja wa mazoezi, mara nyingi ni mwili unahangaika kuokoa uso wa fimbo ambao tayari umefunguka, yaani unatazama kulia. Ukitibu mabega kwanza, utapata mabega ya kupendeza na mpira utaendelea kwenda kulia.

Tuanzie pale fimbo inapokutana na mpira. Mpira hauzidi gramu 45.93, kipenyo chake hakipungui milimita 42.67, na huwa juu ya uso wa fimbo kwa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nusu! Kwa hiyo anayekwambia "zungusha viganja pale unapogusa mpira" anakudai kitu ambacho hakuna binadamu anayekiweza. Ukisikia mlio, mpira umeshaondoka zamani.

Katika mgusano huo yapo maswali mawili. Uso wa fimbo ulikuwa unatazama wapi? Na fimbo yenyewe ilikuwa inasafiri kuelekea wapi? Vizazi vya makocha vilifundishwa kwamba njia ya fimbo ndiyo inayouanzisha mpira, na uso unaamua utaishia wapi. Rada za kufuatilia mpira zimeonyesha kwamba mambo hayako hivyo; wale Wadenmaki wa TrackMan, walioanza mwaka 2003, wamechangia sana kulimaliza hilo. Uso ndio unaotawala mwanzo wa safari: kama asilimia 85 kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, na kama 75 kwa ayani, zile fimbo za chuma. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia. Uso ukitazama kulia kwa njia, mpira utapinda kulia. Hata kama uso unatazama kushoto kwa bendera! Maadamu njia iko kushoto zaidi, mpira utaanza kushoto na kurudi kulia. Mzee mmoja pale mbele anatabasamu. Naona tumefahamiana.

Aliyewahi kupiga kona ikapinda kuingia golini anajua mpira unaozunguka hausafiri sawa na usiozunguka. Kwa upande wa gofu, aliyeliandikia hesabu mapema ni mwanafizikia wa Edinburgh, Peter Guthrie Tait, katika miaka ya 1890. Sababu alikuwa nayo nyumbani: mwanawe Freddie alikuwa bingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896, na tena 1898. Freddie aliuawa vitani Afrika Kusini mwaka 1900, na baba akafariki mwaka uliofuata. Mzee Tait alionyesha kwamba mpira wa gofu hukaa hewani muda mrefu kwa sababu unazunguka kinyumenyume, na hewa inauinua. Shikeni hapo, maana slaisi ni mzunguko huo huo, ila mhimili wake umelala upande. Ile nguvu iliyokuwa inainua, sasa inainua na kusukuma kulia.

Hapo ndipo linapopata jibu lile swali ninaloulizwa kila Jumamosi: "Kocha, weji zangu zinanyooka, ayani namba tisa haina neno, tatizo langu ni draiva tu." Hapana, mzee wangu. Kosa ni lile lile katika fimbo zote. Weji, ile fimbo fupi ya karibu na bendera, ina lofti kubwa, yaani uso wake umelala nyuma sana, inaupa mpira mzunguko mwingi wa kinyumenyume, kwa hiyo uso ukifunguka kidogo mhimili hauinami sana. Draiva ina lofti ya nyuzi tisa, kumi, kumi na mbili. Haina pa kulificha kosa lako. Usiichukie, inasema ukweli.

Sasa mduara wenyewe, na hapa naomba mtulie. Mchezaji mpya anaishika fimbo vibaya, uso unafika kwenye mpira ukiwa umefunguka, mpira unakwenda kulia. Si mjinga, safari ya pili anasimama akielekea kushoto kidogo. Miguu kushoto, mabega kushoto. Lakini macho bado yanaitaka bendera, kwa hiyo uso wa fimbo anauelekeza kwenye bendera. Amefanya nini? Ameipeleka njia kushoto na kuuacha uso pale pale. Tofauti imeongezeka. Mpira unapinda zaidi. Safari ya tatu anasimama kushoto zaidi. Baada ya miezi michache fimbo inatoka nje na kukata kuja ndani, mpira hauendi mbali tena, na kila anayepita nyuma yake ana ushauri: "Inua kichwa baadaye." "Nyoosha mkono." Jamani, kichwa hakikufanya kitu.

Dawa ya kwanza basi ni mshiko. Nipeni fimbo moja... ahsante.

Tazameni mkono wa kushoto. Wengi mnalilaza shina la fimbo katikati ya kiganja, kama mnashika mpini wa jembe. Ukishika hivyo kifundo cha mkono hakikunjuki, na fimbo hutambaa ndani ya mkono. Ukitaka ushahidi, vua glovu yako sasa hivi uitazame. Imetoboka pale chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo? Basi fimbo inateleza. Shina lipite kwenye mizizi ya vidole, kuanzia fundo la katikati la kidole cha shahada mpaka chini kabisa ya kidole kidogo. Halafu lile tuta la nyama la kiganja likae juu ya shina. Funga. Sasa tazama chini bila kuinamisha shingo kupita kiasi: unaona vifundo vingapi vya vidole vya mkono wako wa kushoto? Kimoja? Ndiyo slaisi yako hiyo. Viwili, au viwili na nusu, ndiyo tunavyovitaka. Mwenye ugonjwa sugu aone vitatu. Ule mfereji kati ya kidole gumba na cha shahada uelekee bega la kulia, usielekee kidevu.

Mkono wa kulia uje kutoka ubavuni, si kutoka juu, na ule mstari mkubwa wa kiganja ukifunike kidole gumba cha kushoto. Mfereji wake nao uelekee bega la kulia. Kama unapachika kidole kidogo juu ya mwanya wa vidole vya mkono wa kushoto, alivyokuwa akishika Harry Vardon, aliyeshinda The Open, shindano kubwa la Uingereza, mara sita, sawa. Ukipenda kuvifunga vidole viwili pamoja, sawa pia. Hilo halina uhusiano na slaisi, msipoteze jioni mkibishania.

Mshiko huu mpya utakukera. Utahisi mpira utakwenda kushoto kabisa, na safari za mwanzo utakwenda kweli. Mkiona hivyo furahini. Mtu aliyekaa mwaka mzima akipinda kulia, halafu siku moja mpira unapinda kushoto, amepona nusu.

Hapa nitaje jina kubwa. Ben Hogan, bingwa wa Marekani, alieleza mshiko wake kwa undani katika kitabu cha mwaka 1957, na mpaka leo watu wanaufuata. Sina ugomvi na Hogan. Ila Hogan aliteswa na ugonjwa wa upande wa pili: mpira uliopinda kushoto kwa kasi. Akaugeuza mkono wa kushoto kwenda kushoto, ili uso usimfungie. Mwenye slaisi akiiga mshiko wa Hogan anameza dawa ya jirani. Kabla ya kuiga bingwa, uliza alikuwa anakimbia nini.

Kuna swali pale. Mama anauliza atajuaje kama uso umefunguka wakati hawezi kuuona akiwa katika mwendo. Swali zuri. Simama katikati ya safari. Pandisha fimbo mpaka juu, tulia, mwambie kedi atazame. Ncha ya kichwa cha fimbo ikining'inia ikielekea ardhini moja kwa moja, uso umefunguka, na kwa kawaida utakuta kifundo chako cha kushoto kimebinuka nyuma. Kinyooshe kifundo, uso utajirudi. Pa pili ni baada ya kupiga, mikono ikiwa usawa wa kiuno upande wa kushoto. Ncha itazame juu. Ukiuona uso wenyewe unatazama mbingu, uliuzuia usifunge. Fanyeni nusu swingi, kiuno hadi kiuno, kwa ayani namba saba, polepole, mkitazama vituo hivyo viwili tu.

Njia ya fimbo tuiguse. Uso ukipona, njia ya watu wengi hupungua makali yenyewe, kwa sababu hakuna tena cha kukimbia. Inayobaki ina mambo yake. Mpira usikae mbele kupita kisigino cha kushoto, maana ukiufuata mbele mabega yanafunguka. Halafu chukua chupa tupu ya maji, ilaze nje ya mpira, nyuma yake kidogo, upande wa mbali na wewe. Fimbo ikitokea nje itaipiga chupa. Wala huhitaji kocha wa kukuambia, chupa itapiga kelele.

Mwenye draiva ana jaribio jingine. Paka uso wa fimbo unga wa chaki au poda ya mtoto, piga, tazama alama. Ikiwa upande wa kisigino, karibu na shina, mgusano huo peke yake unaongeza kupinda kulia, hata swingi ikiwa nzuri. Wapo wanaobadilisha mshiko miezi mitatu kumbe wanasimama karibu mno na mpira.

Kuhusu kununua. Draiva zilizotengenezwa zisaidie kufunga uso zipo, na zinasaidia, sikatai. Nyingine unaweza kuzigeuza shingo kwa ufunguo. Kama una miaka 70 na unataka kufurahia Jumapili zako, nunua ufurahi. Kijana wa miaka 30 akitaka kunionyesha draiva mpya kabla ya kunionyesha mshiko, namwambia airudishe kwenye begi.

Jambo la hewa, kwa sababu wageni wetu wa Nairobi hulalamika wakishuka pwani. Kule wanacheza zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yao ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko yetu. Hewa nyepesi hairefushi mpira tu, inapunguza pia kupinda. Fedi yao ya heshima ya klabu ya Muthaiga, ule mpira wa kupinda kulia kidogo kwa makusudi, ikifika Mombasa au hapa Dar inageuka slaisi. Wanasingizia unyevunyevu. Unyevunyevu hauna kosa. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Tofauti ni mwinuko. Na upepo wa mbele huikuza slaisi yoyote, kwa hiyo kusi likivuma usoni, chukua fimbo kubwa zaidi na upige taratibu. Kupiga kwa nguvu kunaongeza mzunguko, na mzunguko ndio adui.

Swali la mwisho, la yule kaka mwenye kofia: je, hawezi tu kuishi na slaisi, mbona Lee Trevino alishinda kwa mpira wa kwenda kulia? Unaweza, kaka. Trevino alishinda mashindano makubwa sita, na Jack Nicklaus naye aliupenda mpira huo. Lakini wao waliuanzisha kushoto kidogo, ukapinda kidogo, na walijua utatua wapi. Ukiweza kuniambia kabla ya kupiga kwamba mpira utapinda mita kumi, na ukapinda kumi, hiyo ni fedi na sikugusi. Ukipinda kumi, halafu arobaini, halafu ukanyooka siku ulipolenga kushoto, uje renji.

Saa kumi na moja kasorobo. Mwanga upo. Kila mmoja achukue ayani namba saba, draiva zibaki ndani ya begi, na makedi wasimame upande wa mbele wahesabu vifundo. Na leo mna ruhusa ya kuwasema mabosi wenu.