Saint Helena: kiwanja kilichogomewa na upepo

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, salama? Nani humu amewahi kutoka Dar asubuhi kuja Songwe, ndege ikazunguka juu kwa juu, kisha rubani akatangaza ukungu umefunga, tunarudi? Naona mikono. Basi leo mtanielewa upesi.

Saint Helena ni kisiwa cha Uingereza katikati ya Atlantiki ya Kusini. Watu elfu nne na ushei. Uwanja wa mpira wa Sokoine hawaujazi. Napoleon, yule mtawala wa Ufaransa, alipelekwa huko mwaka 1815 ili asitoroke tena, na kweli hakutoroka. Hadi juzi juzi usafiri ulikuwa meli, siku tano baharini kutoka Cape Town.

Wakaamua kujenga kiwanja cha ndege, paundi milioni 285. Kisiwa ni milima mitupu. Palipo tambarare pa kutosha ni mahali pamoja tu, napo pamekatwa na korongo. Wakalijaza kwa mawe, karibu mita za ujazo milioni 8. Chukua tipa la mita kumi, haya yanayotupitia hapa na mchanga: ni tripu laki nane!

Aprili 2016 ikaja Boeing 737 kujaribu, ikahangaika kutua. Mmeona maji ya mto Kiwira yanavyogonga mwamba yakajikunja na kurudi nyuma? Upepo wa kusi unafanya vivyo hivyo kwenye majabali ya upande wa kaskazini wa kiwanja. Ndege inaikaribia ardhi, mara upepo unageuka. Uzinduzi wa Mei ukaahirishwa, magazeti ya Uingereza yakacheka.

Mimi linaloniudhi ni hili: Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, alipita hapo mwaka 1836, kwa miguu tu, na kero aliyoitaja ni upepo.

Abiria wa kwanza wa ratiba walitua tarehe 14 Oktoba 2017, kwa Embraer ya shirika la Airlink kutoka Johannesburg. Ndege ya viti karibu 100, lakini mwanzoni haikuzidisha abiria 76, uzito upungue. Njiani ilipita Windhoek, Namibia, kujaza mafuta ya kwenda na ya kurudi, maana upepo ukikataa hakuna jirani wa kumpigia hodi. Sisi Songwe ikifunga tunarudishwa Dar, tunalala, kesho tunajaribu tena, huku tunanung'unika.

Baba kule nyuma, mkono umeuinua tangu nilipotaja tipa. Karibu, uliza.